Hilux 5L imeanza kunywa dizeli kama imetumwa, nianzie wapi kabla sijashusha pampu?

Sato Mbichi

Wakuu habari za mchana. Nina Hilux 5L, ile ya dizeli isiyo na tabo (turbo), singo kebini 4x4, huu mwaka wa sita ninayo na haijawahi kunisumbua zaidi ya mambo ya kawaida, oili, bushi, klachi mara moja. Kazi yake samaki tu. Tunatoka Kirumba hapa Mwanza alfajiri na kreti tupu na barafu, tunavuka upande wa Sengerema, tunaingia mwaloni, pale ufukweni wavuvi wanaposhusha samaki, kuchukua sato na tunarudi kabla jua halijakaza.

Sasa shida ni mafuta. Zamani nikiweka ya elfu 90 naenda na kurudi safari mbili kamili, sasa hivi elfu 90 hiyohiyo safari ya pili nikifika Usagara narudi namwomba Mungu, mshale umelala kabisa. Imeanza kama miezi minne mitano hivi, sio ghafla, au labda ni ghafla mimi ndo nilichelewa kushtuka.

Kinachoniuma zaidi nilitegemea ishuke. Tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena ile ya kukaa foleni ya kivuko unawasha unasogea hatua tatu unazima, unapita tu juu ya maji dakika chache uko Busisi. Kwa akili yangu mafuta yangepungua, yameongezeka.

Fundi wangu wa Nyakato kasikiliza injini dakika mbili akasema pampu na nozeli zimechoka, jumla laki 9 na kitu. Nguvu gari inayo, moshi mweusi unatoka kidogo nikipanda mlima na mzigo, tambarare hautoki. Na niseme ukweli, nimeanza kumwangalia vibaya dogo anayeniendeshea siku tatu kwa wiki, ni mtoto wa shangazi, mwezi uliopita nilimkata elfu 30 kwa hasira. Naombeni mawazo kabla sijatoa hiyo laki 9.

Mabatini Mpaka Kufa

Dogo anapiga mafuta huyo, funga mjadala. Mpira wa mita moja na dumu la lita 5, kila siku lita 5, zidisha kwa siku tatu. Mjomba wangu alikuwa na Canter, mwaka mzima anabadilisha nozeli kumbe dereva anajenga msingi kwa dizeli yake.

Spana 14

Mkuu Sato, mimi fundi wa dizeli, hizi injini za L za Toyota nimezifungua mpaka nimechoka, 2L, 3L, 5L zote. Kabla ya pampu naomba unijibu kwanza: hiyo elfu 90 ilikuwa lita ngapi wakati ule na ni lita ngapi sasa? Maana EWURA, wale wasimamizi wa bei za mafuta, wanatoa bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na wewe unapima ulaji wa gari kwa shilingi, huko ni kupima nguo kwa kamba ya mpira. Bei ikipanda gari inaonekana imekuwa mlafi, ikishuka unamsifia fundi.

Fanya hivi. Nenda sheli moja unayoiamini, jaza fuli mpaka bunduki ikate yenyewe, subiri povu lishuke (dizeli ina povu sana, usidanganyike), ongeza mpaka ikate tena. Zungusha tripu, kile kihesabu kilometa cha safari kwenye dashibodi, iwe sifuri. Piga kazi zako kama kawaida safari mbili, rudi sheli ileile, pampu ileile, simama palepale sakafu isiwe imeinama upande mwingine, jaza tena kwa mtindo uleule. Kilometa za tripu gawa kwa lita zilizoingia. Hapo ndo tunaanza kuongea. Risiti za EFD za zamani kama unazo zina lita, zitafute.

Na huyo fundi aliyesikiliza kwa masikio akapata laki 9, nozeli hazisikilizwi, zinatolewa zinawekwa kwenye mashine unaona zinavyorusha. Yenye shida inakojoa, nzima inatoa ukungu. Kazi ya nusu saa.

Mama Barafu

Nawasalimu. Mimi sio fundi ila nina Hilux 3L ya barafu, nawauliza tu jambo moja, je umebadilisha kitu chochote kwenye gari miezi hiyo minne? Chochote hata kidogo. Wanaume mna tabia ya kusema "sijabadilisha kitu" kumbe umeweka kerea juu, umeweka bomba la mbele la kuzuia ng'ombe, na spika.

Sato Mbichi

@Mama Barafu hapana dada, sijabadilisha kitu. Kreti zilezile turubai lilelile.

@Spana 14 shukrani sana mkuu, wabeja. Risiti nimezipata kwenye droo ya dashibodi zimefifia nusu lakini zinasomeka, na kilometa huwa naandika kwenye daftari la mauzo. Mwaka jana ilikuwa inacheza kwenye kilometa 10 na kidogo kwa lita. Naenda kujaza fuli kesho, narudi na majibu.

Kapripointi

10 kwa lita kwenye 5L 4x4 yenye mzigo mbona ulikuwa unaishi vizuri sana. Nasubiri jibu na mimi, ya kwangu yenye injini ya 2KD inaelekea hukohuko.

Sato Mbichi

Wakuu nimerudi. Safari mbili, tripu imesoma kilometa 312, zimeingia lita 42.6. Ni 7.3 kwa lita. Kwahiyo sio bei, ni kweli gari inakula. Na safari zote mbili nimeendesha MIMI, dogo nilimwambia apumzike, kwahiyo @Mabatini Mpaka Kufa lile dumu lako la lita 5 lirudishe ulikolitoa.

Mabatini Mpaka Kufa

Mimi nilitoa tu uzoefu wa mjomba 😂

Spana 14

Safi, sasa tuna namba. Nakupa vitu vya kuangalia kwa mikono yako, havina gharama, na usiruke.

Asubuhi kabla hujawasha, injini imelala baridi kabisa, fungua boneti. Washa, shika hozipaipu ya juu ya rejeta. Kama thamostati, kile kifaa kinachofunga na kufungua njia ya maji ya rejeta, ipo na nzima, hiyo hozi itabaki baridi dakika kadhaa wakati injini inapata moto, halafu ghafla utasikia inachemka mkononi, hapo imefungua, inafungua kwenye nyuzi 80 na kitu. Kama hozi inaanza kupata uvuguvugu polepole pamoja na injini tangu mwanzo, basi thamostati imekwama wazi au HAIMO. Na mimi najua tabia ya mafundi wenzangu wa Kanda ya Ziwa, gari ikichemsha mara moja tu kitu cha kwanza ni "toa thamostati, nchi yetu ya joto, hiyo ya Wazungu". Injini ya dizeli ikienda baridi muda wote oili inabaki nzito, mafuta hayaungui vizuri, na wewe unalipa. Halafu injini nyingi za Toyota hiyo thamostati ina kisahani cha pili chini kinachoziba njia ya mkato ya maji, ukiitoa yote sehemu ya maji inazunguka kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, siku ya jua kali na mzigo inachemsha tena. Kwahiyo umetoa dawa ukabaki na ugonjwa.

Pili, ukitoka safari simama taratibu, shuka, pitisha kiganja karibu na rimu zote nne, karibu sio juu usije ukaungua. Moja ikiwa na moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, breki inakamata. Piga jeki uizungushe kwa mkono, tairi inatakiwa izunguke yenyewe mizunguko kadhaa. Nyie wa samaki mna shida ya pekee, maji ya barafu yanachuruzika kutoka kwenye bodi usiku na mchana yanaangukia nyuma, kebo za hendibreki zinaota kutu ndani ya mpira wake, unashusha hendibreki ndani kumbe kule nyuma viatu vya breki bado vimekumbatia dramu.

Tatu, toa ea klina uigonge chini. Barabara za kuingia mialoni kiangazi hiki ni unga mtupu. Kwenye petroli ya kisasa ea klina chafu inakunyima nguvu tu, kompyuta inapima hewa na kupunguza mafuta, lakini pampu yako ya 5L haina akili hiyo, inamwaga kipimo chake tu hewa iwepo isiwepo, ndo huo moshi mweusi mlimani.

Nne, mipira midogo ya riteni, ile inayorudisha dizeli iliyozidi, juu ya nozeli, pitisha kidole. Ikiwa na umajimaji badilisha, ni bei ya soda.

Upepo wa tairi unajua mwenyewe, angalia tairi zikiwa baridi.

Nyegezi Stendi

Naongeza spidi. Tangu daraja lianze wote tumekuwa wendawazimu kile kipande, zamani ulikuwa unajua utakaa kivukoni hata ukikimbia kwahiyo mtu anaenda taratibu, sasa unaona barabara nyeupe unabonyeza. Na kreti zako ziko juu ya kichwa cha kebini na turubai linapiga makofi, huo ni ukuta unausukuma.

Sato Mbichi

Hapo kwenye spidi unanisingizia kaka, mimi sizidi 100 hata siku moja, mshale naufunga kwenye 100 kila siku, 100 ile ile ya zamani. Ila ni kweli sasa naishikilia muda mrefu zaidi.

Mama Barafu

Narudi tena na swali langu. Tairi ulibadilisha lini?

Sato Mbichi

Dah. Tairi kweli nilibadilisha, mwezi wa tano au wa sita nadhani, zile za zamani zilikuwa zimebaki nailoni. Sikutaja maana tairi ni tairi, na hizi ni nzuri zaidi, pana, za kucha, nilipata kwa jamaa anauza za mitumba kutoka nje, hazina hata kiraka.

Spana 14

Mama Barafu apewe spana yangu aendelee na kazi.

Mkuu, soma pembeni ya tairi la chini uniandikie, halafu lala chini usome spea.

Sato Mbichi

Spea imeandikwa 205R16. Za chini 265/75R16.

Spana 14

Haya kaa chini na peni. 205R16 kipenyo chake kinakuja kama milimita 742. 265/75R16 ni 804 hivi. Tairi yako mpya ni kubwa kwa asilimia 8 na ushee. Dashibodi yako haijui hilo, yenyewe inahesabu mizunguko, kwahiyo kila inapokuandikia kilometa 100 wewe umeshakwenda 108. Maana yake ni mbili.

Moja ni habari njema. Zile 312 zako sio 312, ni kama 337. Gawa kwa 42.6 unapata 7.9. Yaani sehemu ya mafuta yako "yaliyopotea" haijapotea popote, ni kilometa ambazo dashibodi haikuandika.

Ya pili sio njema. Ile 100 yako unayoifunga mshale, unakwenda 108. Na upepo hauongezeki kwa hesabu ya kawaida, ukiongeza mwendo kwa 8 ule msukumo wa upepo mbele unaongezeka kama 17 kwa mia, na wewe una kreti juu. Kwahiyo Nyegezi Stendi hajakusingizia, mshale ndo umekusingizia. Ongeza hapo tairi zenyewe ni nzito na kucha zake zinakwaruza lami, na gia zako zimekuwa ndefu, mlima uliokuwa unapanda na gia ya nne sasa unahangaika. Jaribu kwa simu kama huniamini, washa ramani ipime umbali, linganisha na tripu.

Kapripointi

Huu uzi nimeusevu. Nimetoka nje sasa hivi kusoma tairi zangu na tochi, mke wangu anauliza kuna nini.

Mwanasheria wa Igoma

Pembeni kidogo, 108 kwenye barabara ukikutana na trafiki wenye tochi ya kupima spidi hutawaeleza habari za kipenyo, utalipa tu. Angalieni.

Sato Mbichi

Nimepima na simu kuanzia Usagara. Tripu 50, simu inasema 54. Spana 14 wewe ni mtu na nusu.

Lakini kwa hesabu yako bado ni 7.9 na zamani ilikuwa 10, kwahiyo kuna kitu kingine. Leo alfajiri nimefanya ile ya hozipaipu. Nimewasha nikiwa nimeishika, jirani ananiangalia. Dakika ya kwanza baridi, ya pili uvuguvugu, ya tatu uvuguvugu zaidi, haikufika mahali pa ghafla kabisa. Na hapo ndo nikakumbuka, mshale wa temperecha ulikuwa unasimama katikati siku zote, siku hizi unakaa robo, na nikishuka mteremko unalala kabisa, mimi nikawa nafurahi nasema injini yangu inapoa vizuri. Nimefungua nyumba yake na spana mbili tu. Tupu. Hakuna kitu, shimo tu na silikoni nyekundu. Nimempigia fundi anasema "niliitoa ile siku ilipochemsha mwezi wa nne, sikukwambia?" Hakuniambia.

Rimu nyuma kushoto inaunguza, kulia vuguvugu. Nimepiga jeki, kushoto haizunguki hata nusu. Kebo imeganda kama ulivyosema, nimeivuta kwa koleo imetoka na unga mwekundu.

Ea klina sisemi. Nimeigonga mara moja kuku wakakimbia.

Spana 14

Hahahaha. Weka thamostati, kebo mpya, usiishie kuipaka grisi tu ile ya zamani, na ufungue dramu uangalie viatu kama havijaungua. Nozeli usiguse kwanza. Jaza fuli, safari mbili, mshale usizidi 75, hiyo kweli ni 81.

Mama Barafu

Na maji ya barafu weka bomba yatokee nyuma ya bampa, mimi nimetoboa bodi kona moja nikaunga bomba la plastiki la inchi moja, kebo zangu zina miaka mitatu.

Sato Mbichi

Samahani kwa ukimya, soko lilikuwa na mzigo.

Nimeweka thamostati, kebo zote mbili, ea klina mpya, viatu vya kushoto vilikuwa vimebaki kama karatasi nimebadilisha vya upande wote. Jumla haijafika hata laki mbili na nusu na ufundi ndani yake. Mshale wa temperecha umerudi katikati, nimeukumbuka kama ndugu aliyetoka safari. Bomba la Mama Barafu nimeweka, linamwaga nyuma ya bampa mpaka bodaboda wananilaumu.

Kipimo: tripu 346, kwa tairi hizi ni kama 374 za kweli, zimeingia lita 38.5. Inakuja 9.7. Ile iliyobaki kufika 10 nadhani ni uzito wa tairi zenyewe na nimeamua zibaki, maana masika kuingia mwaloni bila kucha unalala hukohuko na samaki wako. Zikiisha nitarudi kwenye saizi yake. Kwenye daftari nimeandika juu kabisa "zidisha 1.08" ili nisije nikalia tena.

Dogo nimemweleza yote. Hakusema kitu, akaniuliza tu elfu 30 iko wapi. Nimempa noti tatu, kazihesabu mbele yangu.

Mabatini Mpaka Kufa

Mwambie dogo samahani kutoka Mabatini.

Kapripointi

Wakuu tairi zangu ziko sawa na spea. Ila nimetoka gereji saa hizi, nimewaambia wafungue nyumba ya thamostati mbele yangu. Haimo.